Machaguo manne, maana moja: nachaguaje?

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Najiandaa kwa mtihani wa Kiingereza wenye sehemu ya sarufi. Nyakati, upatanisho wa kiima na kitenzi, sentensi za masharti, hivyo vyote navijua na sikosi. Ninapoanguka ni kwenye maswali ya kuchagua neno. Kwa mfano hili: 'She was ____ of cheating, although nobody had seen her do anything wrong.' Machaguo ni 'blamed', 'charged', 'accused' na 'criticised'. Nikitafsiri, yote manne ni kulaumu au kushutumu. Jibu ni 'accused', na maelezo ya nyuma ya kitabu yanasema tu kwamba ndivyo Kiingereza kinavyosema. Nimepakua orodha ya nahau mia kadhaa ili nizikariri. Je, hiyo ndiyo njia? Na mbona sarufi ninayoijua hainisaidii hapa?"

Marahaba. Umeleta swali pamoja na mfano wake, na mfano huo una karibu kila kitu tunachokihitaji, kwa hiyo tuanze nao.

Ulichofanya ndicho wanachofanya watahiniwa wengi wenye bidii: umeyachukua machaguo, umeyatafsiri moja moja, umeona yanafanana, umekwama. Mtunzi wa swali alitarajia hivyo. Aliyaweka pamoja maneno yale kwa sababu maana zake zimepakana. Kama maana ingetosha kuyatenganisha, swali lingekuwa rahisi mno. Kinachoyatenganisha hakimo ndani ya machaguo. Kimo kwenye sentensi, nacho ni kile kineno "of" kilichosimama mara tu baada ya pengo.

Tazama kila chaguo linaandamana na nini. "Accuse" huenda na "of". "Charge", kwa maana ya kumfungulia mtu mashtaka, huenda na "with". "Blame" huenda na "for", na "criticise" vilevile "for". Basi pengo lile lilikuwa limeshaamuliwa kabla hujayatupia macho machaguo. Mtu asiyejua tofauti ya kisheria kati ya kushutumiwa na kushtakiwa angelipata, mradi ajue kwamba kati ya hayo manne ni moja tu linalokubali "of". Sasa jaribu kuliharibu swali: badala ya "of cheating" weka "with cheating", na jibu linakuwa "charged". Weka "for cheating", na "blamed" na "criticised" yote mawili yanaingia, swali linakufa kwa kuwa na majibu mawili. Neno moja lisilozidi herufi nne ndilo linaloamua yote.

Hilo ndilo ninalotaka ulishike katika jibu hili lote: kwenye maswali ya namna hii, neno huchaguliwa na jirani yake, si na tafsiri yake. Ukiwa na dakika moja tu ya kubadili namna unavyofanya mtihani, itumie kuhamisha macho yako kutoka kwenye machaguo na kuyapeleka kwenye maneno yaliyo kushoto na kulia kwa pengo.

Pengine kilichokupeleka kwenye orodha ya nahau ni jina la Kiingereza "idiom", ambalo hutafsiriwa "nahau". Darasani tumezoea kwamba nahau ni usemi wa picha: kupiga moyo konde, kula chumvi nyingi, kuvunjika moyo. Watunzi wa mitihani ya Kiingereza hulitumia jina hilo kwa upana zaidi. Kwao ni kila mfungamano wa maneno uliokwisha kuzoeleka, hata kama hauna picha yoyote ndani yake. "Depend on" kwao ni "idiom". "Make a decision" ni "idiom". Zile semi za picha kama "once in a blue moon" hutokea mara chache kwenye maswali ya sarufi, na ukikutana nazo kwa kawaida sentensi yenyewe huonyesha maana. Orodha yako, kama imejaa semi za rangi rangi, inakufundisha kitu ambacho mtihani hauulizi sana.

Na jambo hili si geni kwako, maana unaliishi kila siku katika Kiswahili. Sisi hupiga pasi, hupiga mswaki, hupiga picha, hupiga kura, hupiga hodi na hupiga chafya. Mgeni akisema "nimefanya pasi nguo zangu" tunamwelewa, lakini papo hapo tunajua amekosea. Akituuliza kwa nini pasi inapigwa wala haifanywi, hatuna kanuni ya kumpa. Na hakuna kati yetu aliyewahi kukaa chini akakariri orodha ya vitu vinavyopigwa. Tulivisikia vikiwa vimeshafungamana, "piga" na "pasi" kama kitu kimoja, mpaka kikiondolewa kimoja kingine kinajitaja. Huko ndiko tunakotaka Kiingereza chako kifike.

Sasa swali lako la pili, kwa nini sarufi unayoijua haikusaidii. Sababu kubwa ni kwamba Kiswahili na Kiingereza hazihifadhi vihusishi, yaani vineno kama "of", "with" na "kwa", mahali pamoja. Vyetu ni vichache, na kila kimoja kinabeba mzigo mkubwa. Lichukue "kwa" peke yake: kwa kalamu, kwa basi, kwa siku mbili, kwa daktari, kwa makosa. Kiingereza kinasema "with a pen", "by bus", "for two days", "at the doctor's" au "to the doctor", "by mistake". Kineno kimoja chetu, vihusishi vitano vyao. Anayetafsiri kutoka "kwa" anabahatisha tu.

Zaidi ya hapo, sehemu kubwa ya kazi ya vihusishi sisi tumeikabidhi kwa kitenzi chenyewe. Tunaandika, tunaandikia, tunanunua, tunanunulia, tunakimbia, tunakimbilia. Ile silabi ya katikati imeshasema "to" au "for", na mtendewa naye ameingia ndani ya kitenzi: nimekuandikia, amemnunulia. Nje hakuna kilichobaki cha kusema. Ndiyo maana mtu mwenye Kiswahili kizuri huandika "explain me the problem": moyoni mwake "nieleze" limekamilika. Kiingereza kinataka "explain the problem to me", na mtunzi anaijua kasoro hiyo vizuri sana.

Kasoro ya upande wa pili ni kuongeza kihusishi pasipotakiwa. Sisi tunajadiliana kuhusu jambo, kwa hiyo tunaandika "discuss about". Tunaingia katika chumba, kwa hiyo "enter into the room". Tunaweka mkazo juu ya jambo, kwa hiyo "emphasise on". Yote matatu ni makosa mtihanini: "discuss the plan", "enter the room", "emphasise the point". Halafu kuna pale ambapo kihusishi kinahitajika lakini sicho tunachokidhania. Mtu anaolewa na fulani, lakini Kiingereza ni "married to", si "with". Tunapongezwa kwa ushindi, lakini wao ni "congratulate someone on". Tunapendezwa na kitu, wao "interested in". Tunaridhika na kitu, na hapo kwa bahati "satisfied with" linalingana na letu. Bahati za namna hiyo ni hatari kidogo, kwa sababu zinakupa moyo wa kuendelea kutafsiri.

Kuna mtego mmoja humu ambao naona vitabu vingi vinaupita haraka, na mimi nauona ndio wenye faida kuliko yote. Kitenzi na nomino ya mzizi mmoja mara nyingi hazikubaliani juu ya kihusishi. "Discuss" kama kitenzi hakitaki kihusishi chochote, lakini nomino yake ni "a discussion about" au "of". "Emphasise" hakitaki kitu, nomino ni "emphasis on". "Request" na "demand" zikiwa vitenzi hazitaki kitu. Zikiwa nomino zinataka "for": "they demanded a refund", lakini "their demand for a refund". "Influence" kama kitenzi hushika yambwa, yaani mtendwa, moja kwa moja bila kihusishi. Kama nomino ni "influence on". Na "lack", neno lililowaangusha wengi: "many students lack confidence", lakini "a lack of confidence". Wanaoandika "many students lack of confidence" wamezichanganya hizo mbili. Unaona chanzo cha "discuss about"? Mtu amesikia "discussion about" ambayo ni sahihi, akaihamishia kwenye kitenzi.

Kwa hiyo unapoona pengo, jiulize kwanza hapa panahitajika kitenzi au nomino, ndipo uulize linaandamana na nini. Chukua swali hili: "The report had a great ____ on the way science is taught." Machaguo: "affect", "effect", "result", "consequence". Kabla ya pengo kuna "a great", kwa hiyo ni nomino, na "affect" limeondoka kwa sababu katika matumizi ya kawaida ni kitenzi. Baada ya pengo kuna "on". Kwa maana hii "result" huenda na "of", na "consequence" huenda na "of" au "for". Limebaki "effect". Hukutafsiri hata neno moja, nawe umefika.

Jirani wa pengo si kihusishi tu. Mara nyingine ni umbo la kitenzi kinachofuata. Angalia hili: "The doctor ____ him to give up smoking." Machaguo: "suggested", "advised", "insisted", "demanded". Hapa Kiswahili kinakupumbaza kabisa, maana chetu kinaruhusu karibu yote: alimshauri aache, alimpendekezea aache, alimsisitizia aache, alimtaka aache. Sikio halipingi lolote. Kiingereza ni kikali zaidi. Muundo wa mtu akifuatwa na "to" na kitenzi unakubaliwa na "advise" peke yake kati ya hayo. "Suggest" hutaka "suggested that he give up" au "suggested giving up". "Insist" hutaka "that" au "on". "Demand" hutaka "that". Jirani hapa ni "him to", na ndiye aliyechagua.

Hali ni hiyohiyo kwa "kataa" letu, ambalo kwa Kiingereza limegawanyika. Akikataa kufanya jambo ni "refused to answer". Akikana kwamba alifanya ni "denied taking the money". Wakikataa kitu walichopewa ni "rejected the offer". Ukikuta pengo linafuatwa na "having taken", hakuna haja ya kuwaza maana: "refuse" haliwezi kusimama hapo, "deny" linaweza. Na kufika nako kumegawanyika: "reach" hakitaki kihusishi, "arrive" kinataka "at" au "in", "get" kinataka "to". Pengo likifuatwa na "at the station", jibu ni "arrived".

Kihusishi kimoja kinahitaji tahadhari ya pekee, nacho ni "to", kwa sababu kuna "to" mbili. Moja ni alama ya kitenzi, kama katika "want to see". Nyingine ni kihusishi halisi, na baada ya kihusishi kitenzi huja na "-ing": "look forward to seeing", "object to paying", "be used to working", "be devoted to helping". Watunzi wanaipenda mno tofauti hii kwa sababu mtahiniwa akiona "to" mkono unaandika kitenzi kitupu bila kufikiri. Njia ya kuzitambua ni kuweka nomino badala ya kitenzi. "I look forward to the holiday" inakubalika, kwa hiyo "to" hiyo ni kihusishi. "I want to the holiday" haikubaliki, kwa hiyo ile ni alama ya kitenzi.

Na wakati mwingine jirani anakaa mbali. Hapo watu hodari huanguka kwa sababu wameangalia maneno mawili tu ya karibu. "No sooner had she sat down ____ the phone rang." Ukiangalia "the phone rang" peke yake utaandika "when", na utakosa. Aliyetawala pengo yuko mwanzoni kabisa: "no sooner" huandamana na "than". Ingekuwa "hardly had she sat down", hapo ni "when". Maneno ya namna hii hutembea wawili wawili: "between" na "and", "both" na "and", "not only" na "but also", "prefer" kitu kimoja "to" kingine. Ukiona moja, mtafute mwenzake hadi mwisho wa sentensi. "Between 200 to 300" ni kosa linaloandikwa hata na watu wanaokijua Kiingereza vizuri. Lazima iwe "between 200 and 300" au "from 200 to 300". Kosa jingine la jamaa hiyo ni kuchanganya mifungamano miwili: "regarded to be" imezaliwa na "regarded as" na "considered to be". Kila upande ni sahihi peke yake, mchanganyiko wake si sahihi.

Nimekuwa nikikisema Kiswahili kama kizuizi, na si haki kuishia hapo. Kuna sehemu ambapo Kiswahili kinakupa msaada ambao wanafunzi wa lugha nyingine hawana, na naona hatuutumii. Jozi zinazosumbua dunia nzima kama "remember" na "remind", "rise" na "raise", "lie" na "lay", "borrow" na "lend" kwetu zimeshatenganishwa na mnyambuliko: kumbuka na kumbusha, panda na pandisha, lala na laza, kopa na kopesha. Ukishindwa kuamua kati ya "the prices have risen" na "the prices have raised", jiulize: bei zimepanda au zimepandisha? Zimepanda. Basi "risen". Kampuni imepandisha bei? "Raised". Kwenye "lie" na "lay" angalia jambo moja tu la ziada: wakati uliopita wa "lie" ni "lay", kwa hiyo "he lay on the floor all afternoon" ni sahihi, naye alilala, hakulaza.

"Say" na "tell" nazo tunazo. "Sema" linaweza kusimama bila mtu. "Ambia" haliwezi, lazima liwe aliniambia, walituambia. "Say" hufanana na "sema", "tell" hufanana na "ambia". Hakuna Mswahili atakayesema "alinisema kwamba atakuja", basi usiandike "he said me that he would come". Zipo semi chache ambazo "tell" limeshikamana na kitu badala ya mtu, kama "tell the truth", "tell a lie", "tell the difference"; hizo chukua kama zilivyo.

Halafu "number" na "amount", "fewer" na "less". Sisi tuna idadi ya watu na kiasi cha maji, watu wachache na maji kidogo. Husemi "kiasi cha wanafunzi wamefaulu", kwa hiyo usichague "the amount of students". Ukisita kati ya "fewer" na "less", weka "chache" na "kidogo" uone lipi linakubali.

Lipo kundi dogo ambapo maana ndiyo mwamuzi kweli: "economic growth" ni ukuaji wa uchumi, "an economical car" ni gari lisilotumia mafuta mengi, "sensible" ni mwenye busara, "sensitive" ni mwepesi wa kuguswa, "famous" na "notorious" wote wanajulikana, wa pili kwa ubaya. Hizi zinajifunzwa kwa jozi, na si nyingi.

Mifungamano ya kitenzi na nomino, na ya kivumishi na nomino, inahitaji muda zaidi, na hakuna njia ya mkato ninayoweza kukuahidi. "Fanya" letu likikutana na Kiingereza linatawanyika: "make a decision", "do research", "commit a crime", "take an exam". Mvua yetu ni kubwa, yao ni "heavy rain". Upepo wetu ni mkali, wao ni "strong wind". Kinachosaidia ni kutambua kwamba katika mitihani nomino ndiyo hutawala. Ukiona "attention" baada ya pengo, tafuta "pay". Ukiona "conclusion", tafuta "draw", "reach" au "come to". Soma nomino kwanza, ndipo urudi kwenye pengo.

Kiasi gani cha haya kitakuja kunategemea mtihani wako. TOEFL ITP ina sehemu ya muundo na maandishi yenye maswali 40 kwa dakika 25, yaani chini ya sekunde 40 kwa swali. Hakuna nafasi ya kutafsiri machaguo manne hapo, hata ukitaka. Katika B2 First na C1 Advanced za Cambridge, sehemu ya kwanza ya karatasi ya kusoma ina mapengo 8 yenye machaguo manne kila moja, na kazi yake karibu yote ni hii tunayoizungumza. TOEIC ina sentensi 30 za kujaza katika sehemu yake ya tano. IELTS haina sehemu ya sarufi peke yake, lakini msamiati ni kigezo kimoja kati ya vinne vya kusahihishia uandishi na uzungumzaji, kila kigezo robo ya alama. Na kama orodha uliyopakua ilitungwa kwa ajili ya GMAT, mtihani wa kuombea nafasi katika vyuo vya biashara, ujue kwamba maswali ya kusahihisha sentensi yaliondolewa katika toleo jipya lililoanza Novemba 2023. Semi zenyewe bado ni Kiingereza sahihi, lakini usidhani orodha hiyo imepangwa kwa mtihani wako.

Kuhusu tofauti za Uingereza na Marekani usisumbuke sana. Waingereza husema "different to", Wamarekani "different than", na "different from" inakubalika kote. Watunzi makini hukwepa mahali ambapo pande mbili hazikubaliani. Wewe jizoeshe na "different from".

Sasa namna ya kujifunza. Usiikariri ile orodha kutoka juu hadi chini. Fungua daftari, na kila swali unalokosa kwenye mazoezi, andika mfungamano mzima, usiandike neno na tafsiri yake. Kwa swali lako, usiandike "accuse: kushutumu". Andika "accuse someone of doing something", na chini yake sentensi moja uliyoitunga mwenyewe kuhusu jambo unalolijua. Kwa "apologise" andika "apologise to someone for something", vihusishi vyote viwili. Siku ya kurudia, funika kile kineno kidogo kwa kidole ujaribu kukitaja. Kineno kidogo ndicho kinachoulizwa, kwa hiyo ndicho cha kujipima nacho. Daftari la makosa yako mwenyewe litakuwa fupi kuliko orodha ya mtandaoni, na kila mstari wake unakuhusu.

Tumia kamusi iliyotungwa kwa ajili ya wanaojifunza, si ile ya Kiingereza kwa Kiswahili. Kamusi za aina hiyo zilizaliwa kutokana na tatizo lako hili. A. S. Hornby, Mwingereza aliyekuwa akifundisha Kiingereza Japani, aliona kwamba wanafunzi wake hawakuhitaji maana tu, walihitaji kujua kitenzi kinajengwaje ndani ya sentensi. Kamusi aliyoitunga na wenzake ikachapishwa Tokyo mwaka 1942, ikionyesha mifumo ya vitenzi, na mwaka 1948 Oxford wakaichapisha upya. Kamusi ya Oxford ya wanafunzi iliyopo leo imetokana na hiyo. Oxford, Cambridge na Longman wote wana za mtandaoni zisizo na malipo. Ukifungua neno, ruka maana, nenda kwenye mifano na maneno yaliyokolezwa wino: "accuse somebody of something" utaikuta imeandikwa hivyohivyo.

Jambo la mwisho ni lile watu wanaloshauriana sana: chagua linalosikika vizuri. Kwa mtu aliyesoma Kiingereza kingi kilichohaririwa, ushauri huo ni mzuri. Kwa wengine si mzuri, kwa sababu sikio hufundishwa na wanaotuzunguka, na kama umesikia "discuss about" maelfu ya mara, ndiyo itakayosikika vizuri. Soma makala zilizohaririwa kila siku, hata ukurasa mmoja, ukipigia mstari vihusishi peke yake, na sikio litaanza kujirekebisha. Mpaka hapo, ukibakiwa na machaguo mawili katika chumba cha mtihani, acha kuuliza lipi linasikika vizuri. Jiulize ni lipi kati ya hayo ulishawahi kuliona limechapwa pamoja na jirani huyu. Kama hukumbuki, jaza moja usonge mbele: katika TOEFL ITP, TOEIC na mitihani hiyo ya Cambridge jibu lisilo sahihi halipunguzi alama, na pengo lililoachwa wazi haliongezi chochote.